Kwaheri ya Mgambo

Juma lililopita, nyumbani kwetu Nangwa, tulimzika mbwa wetu aitwaye Mgambo. Huenda wasomaji wakashangaa kwamba safu hii, iliyozoea kuzungumzia mbolea, ushirika na barabara, leo imeshika kalamu kwa ajili ya mbwa. Lakini jambo lililotufika hutokea katika kaya nyingi za wilaya hii, na kwa kawaida hufanyika gizani wala halisemwi.

Mgambo alililinda zizi letu la mbuzi kwa miaka 13. Wafugaji wa Hanang, wawe Wairaqw au Wabarbaig, hawahitaji kuelezwa maana ya kazi hiyo, kwani fisi wa huku hana likizo. Hakuwa shujaa kila siku (radi ikipiga, alikuwa wa kwanza kujificha chini ya kihenge), lakini fisi alipokaribia boma alisimama mlangoni akabweka mpaka watu watoke. Tarehe 3 Desemba 2023, matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua ndugu zetu wengi upande wa Katesh, alikuwa tayari amepofuka jicho moja. Mwaka huu miguu ya nyuma ikakataa kabisa. Akawa anajikokota kulifuata jua ukutani, na chakula anakinusa tu.

Ndipo mashauri yakaanza. Jirani mmoja alisema apelekwe porini, fisi watamaliza kazi. Wa pili, mwenzetu katika shughuli za Chama, alitushauri tumtilie sumu katika nyama. Tunakiri kwamba tulikubali, na nyama yenyewe tukainunua. Binti yetu wa darasa la tano alipouliza nyama hiyo ni ya sherehe gani, tulikosa jibu.

Sisi tulisoma chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hayo tunayashika hadi leo. Lakini mwalimu huyohuyo alitusomesha Sura ya Pango, ambamo mbwa amelala kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha, naye anahesabiwa pamoja na vijana waliolazwa na Mwenyezi Mungu. Akatusimulia pia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na kwa ajili hiyo akasamehewa dhambi zake. Hukumu ya najisi inahusu vyombo, nguo na swala. Hatukupata kufundishwa kwamba inaruhusu mnyama ateswe.

Tukamwendea bwana mifugo. Alitueleza bila kuficha kwamba sumu zitumiwazo vijijini humkamata mnyama kwa mitukutiko mikali angali na fahamu zake, na kwamba mzoga wake huweza kuua tai na mbwa wa majirani. Kisha akauliza kama Mgambo alikuwa amechanjwa. Swali hilo lilikuwa na maana yake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na hofu hiyo ndiyo inayofanya mbwa wazee waagwe kwa rungu, kila anayeyumba akidhaniwa ana kichaa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, mwaka 1885, dunia inajua jinsi ya kuuzuia ugonjwa huu, na wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, hukosa njia ya kuenea. Je, ni wangapi miongoni mwetu hupeleka mbwa wao siku ya chanjo inapotangazwa? Tunauliza huku tukijihesabu na sisi, maana uko mwaka tulisahau.

Bwana mifugo alifika Ijumaa asubuhi na sindano mbili, ya kwanza ikiwa ya usingizi. Kabla hajaanza, binti yetu aliiweka ile nyama mbele ya Mgambo, safi, haijatiwa kitu. Alikula vipande viwili.

Kaburi tulilichimba nyuma ya zizi, kina cha kiuno, tukalifunika kwa mawe na miiba kwa sababu ya fisi. Usiku ule mbuzi hawakutulia, nasi tukakesha mlangoni na tochi.