Kifua kikuu: si mwili unaozoea dawa

Kutoka Uvira mpaka mashimo ya Misisi, utasikia watu wakisema: « Mwili umeisha kuzoea dawa. » Hapana, ndugu. Kilichobadilika ni mikrobe yenyewe, na ilianza kubadilika mbele hata umeze kidonge cha kwanza.

Mikrobe ya kifua kikuu inajigawa, na kila mara inanakili urithi wake. Mara moja moja inakosea. Kwa rifampisini, ile dawa inayofanya mkojo uwe mwekundu, kosa linatokea kwa mikrobe moja hivi kati ya milioni 100. Ni kidogo? Pafu lililotoboka linaweza kubeba hesabu hiyo na zaidi. Kosa liko kwenye jeni inayoitwa rpoB: mahali dawa ilipaswa kushika pamegeuka, haishike tena.

Anayeosha mchanga mu karai anajua: maji yanabeba chepesi, zito linabaki. Dawa moja peke yake inafanya vile vile. Inaua mikrobe dhaifu, ile sugu inabaki, inazaa. Juu ya hiyo munganga anatoa dawa 4 pamoja: mikrobe inayoponyoka moja itauawa na ingine. Matibabu ya miezi 6 yalipimwa kwa majirani zetu, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, matokeo yakatoka 1972. Mbele ya hapo ilikuwa mwaka na nusu.

Sasa mchimbaji, kisha miezi miwili, kikohozi kinapungua, kilo zinarudi, PDG anaita: shimo limetoa! Anashika njia ya Baraka bila vidonge. Ao anavigawa na mwenzake anayekohoa, na hiyo ndiyo inaniogopesha zaidi: wawili wanakula nusu, hakuna anayepona. Vumbi la mawe nalo linazidi kuharibu mapafu. Na mtoto anayelala naye chumba kimoja anaweza kuvuta mikrobe ile ile sugu, yeye ambaye hajameza hata kidonge kimoja.

Mashini ya GeneXpert, ambayo OMS iliikubali 2010, inatafuta kosa la rpoB mu makohozi kwa saa 2 hivi. Zamani mwenye aina sugu alichomwa sindano miezi mingi, wengine wakabaki viziwi. Tangu 2022, OMS inashauri vidonge vya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo.

Ukitaka kusafiri, pita kwanza kwa muuguzi akuandikie karatasi ya transferi, uendelee kumeza kule unakoenda. Dawa za kifua kikuu ni bure. Anayekuuzia kidonge kimoja kimoja sokoni, mwachie vidonge vyake.