UZI: Samaki wa China, ushuru wa Marekani na sahani yako Kisumu

1/ Kampeni zikifika kando ya ziwa, lazima mmoja apande jukwaani aseme, "Tutafukuza samaki wa China!" Mwenzake anajibu, "China ndiye rafiki wa kweli, Marekani ni kelele tu." Wote wanapigiwa makofi. Tuipasue hii stori polepole.

2/ Kwanza, huyo tilapia wa Nile asili yake ni Afrika. China ilimfuga kwa mabwawa makubwa mpaka leo inaongoza dunia kwa kumzalisha.

3/ Kwa nini yuko Kibuye? Ziwa letu limechoka: uvuvi kupita kiasi, nyavu za macho madogo, magugu maji. Mama samaki akikosa wa ziwa ananunua katoni ya barafu, bei yake iko chini. Karo ya watoto inatoka hapo. Lakini mvuvi wa Dunga aliyechoma petroli usiku kucha hawezi kushindana na hiyo bei. Wote wawili ni majirani zako.

4/ Sasa ingiza Marekani. Ilikuwa mnunuzi mkubwa wa tilapia wa China. Septemba 2018 ikampiga ushuru wa 10%, na 2019 ukapanda hadi 25%. Alikuwa Kisumu hata kabla ya hapo, sawa. Ila mwenye mali akifungiwa mlango mmoja, anabisha mwingine. Sisi ndio huo mwingine.

5/ Mwaka huohuo, 2018, Kenya ilitangaza itamzuia. China ikalalamika, na marufuku haikudumu. Kumbuka SGR ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China: Nairobi 2017, Naivasha 2019, na tulikuwa tunaomba pesa zaidi ili ifike Kisumu. Ni vigumu kumfokea mtu huku umemnyooshea mkono.

6/ Basi tukimbilie Marekani? Mwaka 2025 ilipositisha misaada ghafla, huduma za VVU zilitikisika hapa Kisumu, Siaya na Homa Bay. Kumtegemea mmoja badala ya mwingine ni kubadilisha mwenye nyumba tu, kodi iko palepale.

7/ "Si China itachoka?" Tangu 2022 idadi ya watu wake inapungua, baada ya sera ya mtoto mmoja ya 1980 hadi 2015. Wazee wanaongezeka, vijana wanapungua. Lakini wanunuzi wakipungua nyumbani, huenda bidhaa zikasukumwa nje zaidi. Usingoje ichoke.

8/ Kwa hivyo akija kuomba kura, usimuulize anapenda nani kati ya hao wawili. Muulize:
- Chakula cha samaki wa vizimba kitashuka bei vipi?
- Barafu na umeme vitafika ufuoni lini?
- Nani atalinda mazalia ya samaki?
- Mkataba wa mkopo ujao tutausoma kabla ya kusainiwa?

9/ Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Tunajua. Ila nyasi hazipigi kura. Sisi tunapiga.