Kotama iliyovunjika Ukunda ikanifunza adabu ya moto

Umewahi kununua panga likapinda siku ya kwanza? Au tindo mpya ikakatika vipande viwili ukabaki unalaumu chuma? Tulia. Mara nyingi kosa haliko kwenye chuma. Liko kwenye moto.

Mimi nilijua hayo kwa aibu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (stori ya karo hiyo, tuiache), nikawa nashinda kwenye kibanda cha mzee mmoja mhunzi hapa Ukunda. Anafua kotama za wagema, tindo za wachonga mawe na mbuzi za kukunia nazi. Chuma chake ni springi za matatu zilizokufa.

Siku moja akaniachia kotama nimalizie. Nikaipasha mpaka ikawa nyekundu, nikaichovya majini, shhhh! Nikapiga picha, nikaposti. Kesho yake mgema akaja na vipande viwili mkononi. Ilikuwa imemkatikia akiwa juu ya mnazi.

"Mwanangu, kidogo uniangushe," akasema. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Mzee akanikalisha chini. Nakupa somo lake bure.

Chuma cha springi kina kaboni kidogo, haifiki hata asilimia moja. Ukikipasha hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi, kaboni hiyo inajichanganya kabisa ndani ya chuma. Ukikipoza ghafla, inanaswa humo na chuma kinakuwa kigumu sana. Lakini kigumu kama glasi: kinakata vizuri na kinavunjika vizuri. Halafu springi hutaka mafuta. Maji huipoza kwa pupa mpaka ikapata nyufa usizoziona kwa macho.

Mzee hana kipima joto. Ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Chuma kikifika kama nyuzi 770, sumaku haishiki tena. Anaongeza moto kidogo tu, kisha anachovya kwenye mafuta.

Kazi haijaisha, na hapa ndipo mimi nilipoharibu. Lazima chuma kirudi kwenye moto mara ya pili, huu wa upole, kati ya nyuzi 200 na 300. Unakisugua kwanza king'ae, kisha unatazama rangi. Ikija manjano kama majani makavu, makali yatakaa. Ikija zambarau, hiyo ni ya tindo inayopigwa nyundo. Ikifika buluu, umepata chuma kinachonesa kama springi. Unapunguza ugumu kidogo, unapata uvumilivu. Niliiruka hatua hiyo kwa sababu haina picha nzuri.

Kusubu nako kuna adabu zake. Alumini ya pistoni kuukuu inayeyuka hata kabla ya nyuzi 660, hata jiko la makaa lenye feni linatosha. Unaimwaga kwenye kalibu ya mchanga. Umbo la kuigiza liwe kubwa kidogo kuliko kitu unachotaka, maana metali ikipoa hunywea. Na usitupe kamwe kipande chenye maji kwenye alumini iliyoyeyuka. Maji yanageuka mvuke papo hapo na uji wa moto unakurukia usoni. Betri za gari nazo achana nazo kabisa. Uliza Owino Uhuru kule Mombasa, risasi ya kiwanda cha betri ilivyowafanya watu.

Sasa sikia hii. Kuanzia 2014, meli zilibeba mchanga wa madini wa Kwale kutoka Likoni, uliochimbwa na Base Titanium. Ndani yake mlikuwa na zirkoni, ambayo viwanda vya kusubu duniani hutumia kutengenezea kalibu kwa sababu inastahimili chuma kilichoyeyuka. Mlikuwa na rutile pia, madini yanayopakwa kwenye vijiti vya kuchomelea. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Mchanga umeenda, na maboi wengi wakabaki mtaani wakisubiri mgodi mwingine.

Mimi sisubiri. Springi kuukuu bado ziko kila gereji kutoka Diani hadi Msambweni, na minazi bado inagemwa. Kama unao ujuzi wa mkono lakini huna cheti, NITA huwapima mafundi kwa gredi, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza. Wanaangalia unachoweza kufanya.

Yule mgema? Nilimfulia kotama nyingine, bure. Safari hii niliisubiri mpaka rangi ya manjano ikaja yenyewe. Aliikagua juani, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akaitia kiunoni na kwenda zake bila neno.

Wiki iliyofuata alileta mwenzake, naye anataka mbili.