Ukurasa Umefunguka Lakini Salio Halionekani: Shida Iko Wapi?

Umefungua tovuti ya kulipia. Nembo iko, rangi ni zile zile, kitufe cha "Tuma" kiko mahali pake, lakini pale pa salio kuna kiduara kinazunguka tu. Ama umebonyeza "Tuma", skrini imekwama na hujui kama pesa imeenda. Watu wengi hapa hubonyeza tena. Kabla hujabonyeza, ni vizuri ujue kinachoendelea nyuma ya skrini.

Ukurasa mmoja, seva mbili

Fikiria duka la mtaani. Bango la bei liko ukutani na kila anayepita analisoma. Daftari la madeni nalo liko chini ya kaunta, na mwenye duka ndiye hulifungua, mteja mmoja baada ya mwingine.

Tovuti nyingi za malipo zimejengwa hivyo. Nembo, picha, rangi na maandishi ya vitufe ni bango: kila mteja anaona kitu kile kile. Salio lako na muamala wako ni daftari: vinatoka kwa programu inayokutambua wewe, mara nyingi imeandikwa kwa lugha ya Java. Bango huwekwa kwa seva moja, daftari kwa nyingine. Ndiyo maana moja inaweza kufunguka haraka huku nyingine ikichelewa.

Kwa nini zitenganishwe?

Sababu ya kwanza ni usalama wa faili. Programu ya Java hufungwa kama kifurushi kimoja, faili inayoishia na .war, kisha kuwekwa kwa seva kama Tomcat. Seva hukifungua kifurushi hicho ndani ya folda. Toleo jipya likija, folda ya zamani hufutwa na mpya kuchukua nafasi yake. Sasa kama picha ya duka lako uliyoipakia ilihifadhiwa ndani ya folda hiyo, nayo imeenda. Ikikaa nje, mfumo unaweza kuboreshwa usiku na asubuhi uipate picha yako salama.

Sababu ya pili ni kasi. Mwisho wa mwezi, watu wakilipa kodi na karo kwa pamoja, programu ya malipo ina kazi ya kutosha. Haifai isumbuliwe na maombi ya nembo. Kazi hiyo hupewa seva nyepesi kama nginx.

Sababu ya tatu inagusa bando lako. Kwa sababu nembo haibadilikibadiliki, kivinjari huruhusiwa kuiweka ndani ya simu na kuitumia tena bila kuipakua upya. Salio linahitaji kuulizwa upya kila mara, kwa hivyo mfumo uliotengenezwa vizuri hukataza simu kulihifadhi.

Hii inamaanisha nini kwako?

1. Ukurasa kuonekana vizuri hakuthibitishi kwamba pesa imeenda. Skrini ikikwama baada ya "Tuma", ngoja. Angalia meseji ya kuthibitisha, kisha taarifa ya miamala. Ukibonyeza tena haraka, unaweza kulipa mara mbili.

2. Ukurasa kuonekana vibaya hakumaanishi pesa imepotea. Picha zikikosa kufunguka, huenda seva ya picha ndiyo iko na shida. Daftari liko kwingine.

3. Ukiona bei au tangazo la zamani, huenda ni nakala iliyobaki kwa simu yako. Fungua ukurasa upya, au ufute data iliyohifadhiwa ya kivinjari.

4. Hii ndiyo kubwa: nembo haithibitishi lolote. Bango liko wazi kwa kila mtu, na tapeli anaweza kulinakili kwa dakika chache: rangi, vitufe, mpaka maandishi. Asichoweza kunakili ni daftari. Ukurasa wake hauna salio lako. Unachongoja ni wewe uandike PIN.

Kwa hivyo usiangalie sura ya ukurasa, angalia anwani juu ya skrini, herufi kwa herufi. Ile alama ya kufuli inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Tovuti ya tapeli pia inaweza kuwa na kufuli.

Ukitumiwa linki kwa meseji au WhatsApp ikikuambia akaunti yako itafungwa, usiibonyeze. Andika anwani mwenyewe, au tumia programu rasmi kwenye simu yako. Na ikiwa tayari umeandika PIN mahali hupaamini, ibadilishe sasa hivi, kisha upigie huduma kwa wateja kwa namba unayoijua, si ile iliyo kwenye meseji.

PIN yako ni yako peke yako. Hata sisi hatuwezi kukuuliza.