Lori la Tangawizi na Hesabu za Newton

Hebu leo tuiache siasa ipumzike, niwapeleke Upareni. Aliyepita Same kwa basi la Arusha anaujua mji ule kwa joto, vumbi na upepo wake, akadhani Upare ndiyo hiyo. Upare yenyewe iko juu. Mji wa Same haufiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lakini kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote katika Milima ya Pare, kina mita 2,462. Huko mabondeni na miinukoni watu wanalima migomba, kahawa na, upande wa Mamba Myamba, tangawizi. Na kila gunia lazima literemke.

Nilikuwa nateremka na gunia hizo, mimi mbele na dereva, na katikati yetu mpwa wangu anayesomea uhandisi katika chuo kimoja cha ufundi. Kijana hakuwa na raha. Alikuwa amefeli somo la mwendo na kani, anarudia mtihani, na akianguka tena ada aliyolipiwa na ukoo mzima imekwenda na maji. Daftari lilikuwa magotini. Swali lenyewe lilihusu gari linaloshuka mteremko, nami nikamwambia, "Basi mjomba, umelikalia swali lako."

Akanionyesha mchoro wake. Kisanduku juu ya mstari uliolala upande, na mishale. Mmoja uzito kwenda chini, mmoja barabara inavyosukuma juu, mmoja msuguano kurudi nyuma. Halafu mshale wa nne, mnene kuliko yote, ukielekea mbele: "kani ya mwendo."

Mimi ni mtu wa maikrofoni, fizikia niliagana nayo sekondari, lakini kuuliza maswali ndiyo kazi yangu. Nikamwuliza: huyu wa nne anasukumwa na nani? Uzito unatoka kwa dunia. Wa pili na wa tatu wanatoka kwa barabara. Wa nne je? Kijana akatafuta msukumaji, hakumpata. Akaufuta.

Hapo, ndugu zangu, ndipo wanafunzi wengi wanapopotelea. Wanadhani kitu kinachokwenda lazima kiwe na kani inayokipeleka. Isaac Newton alikwishalimaliza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1687: kani haihitajiki ili kitu kiendelee kwenda, inahitajika ili mwendo wake ubadilike. Jumla ya kani ni sawa na tungamo mara mchapuko, yaani kiasi cha kitu mara jinsi kasi yake inavyobadilika kila sekunde. Kwa hiyo unakitenga kitu chako na dunia yote, unachora wale tu wanaokigusa pamoja na uzito wake, na kila mshale lazima uwe na mwenyewe. Vitabu hukiita kitu hicho chembe, hata kikiwa lori. Kwa kuwa hatuulizi kama litapinduka, umbo lake halitusumbui.

Tukafanya hesabu, gari likiyumba. Tuseme gari na mzigo ni kilo 3,000, na kila mita 10 za barabara zinashuka mita 1. Uzito ni 3,000 mara 9.81, sawa na nyutoni 29,430. Mstari wa kupimia tukaulaza sambamba na barabara, maana gari halirukii angani wala halizami ardhini. Mwendo wote uko kwenye mstari huo. Sehemu ya uzito inayovuta kuteremka ni moja ya kumi, nyutoni 2,943. Gawanya kwa kilo 3,000, unapata mchapuko wa 0.98, yaani kasi inaongezeka karibu mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Tukiacha kando upepo na ukinzani wa matairi, gari lililoachiwa bila breki wala gia linafika karibu kilometa 70 kwa saa katika sekunde 20, na litakuwa limekwenda mita 200 tu. Kona za Upareni haziko mbali kiasi hicho.

Dereva, mzee mtulivu mwenye kofia, alikuwa anasikiliza. Kijana akamwambia kwa furaha kwamba kilo zile 3,000 zinajikata zenyewe juu na chini, kwa hiyo gari tupu na gari lenye mzigo huteremka sawasawa. Mzee akacheka. "Mwanangu, mimi gari tupu nalishika kwa kidole. Hili la tangawizi linanishika mimi."

Nani mkweli? Wote wawili. Mchapuko ni uleule, lakini ili kuuzuia usitokee, mwenye kilo nyingi anahitaji kani kubwa zaidi. Na kani hiyo ikitoka kwenye breki inageuka joto. Gari letu likishuka mita 600 kwa mwendo wa taratibu, mzigo wa joto utakaotolewa ni juli milioni 17 na zaidi. Joto hilo lingechemsha lita 50 za maji ya baridi! Likiingia lote kwenye breki, breki zinapata moto, mshiko unapungua, na mguu wa dereva unakanyaga bure. Ndiyo maana mzee huyu anaingia mteremkoni akiwa tayari na gia namba mbili, injini inalia, nayo inabeba sehemu kubwa ya kazi. Wapo wanaoweka niutro ili kubana mafuta. Nimepanda nao, na senti walizobana sikuziona kwenye nauli yangu.

Mvua ikaanza, na taniboi aliyekuwa juu ya gunia akagonga bati kuomba turubai. Tukaongeza swali la pili: kufunga breki kwa nguvu zote tukiwa na kilometa 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Kwenye changarawe kavu, tukichukua namba ya msuguano 0.6, barabara inaturudisha nyuma kwa nyutoni 17,570, mteremko unatuvuta kwa 2,943, tofauti yake inatoa mpunguo wa kasi wa 4.88, na gari linasimama katika mita 10 hivi. Kwenye tope, namba ikiwa 0.2, hesabu ileile inatoa mita 51. Kijana akairudia mara mbili, hakuamini. Halafu akajaribu 0.1, namba ya tope la utelezi hasa, akanyamaza. Msuguano na mvuto wa mteremko vinakaribia kulingana kabisa. Gari halisimami.

Akamsomea mzee jibu lile. Mzee hakusema kitu. Alipunguza mafuta, akarudisha gia namba moja, na tukaenda hivyo, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, mpaka tambarare.

Mtihani wa kijana ni Jumatatu.