Bugali, mawese na sambaza ndani ya mwili

Nyumba nyingi za Kadutu, mjini Bukavu, hula bugali wa muhogo kwa sombe (majani ya muhogo) iliyotiwa mawese na, siku ambazo pesa ipo, sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanga, mafuta na protini vyote vimo, ila kila kimoja kina njia yake.

Wanga ndio mwepesi. Mate huanza kuukata tonge likiwa bado mdomoni, vimeng'enya vya kongosho humalizia kwenye utumbo mwembamba, na glukosi huingia damuni. Ini huweka akiba ya gramu 100 hivi, ambayo hupungua sana mtu akilala na njaa usiku mmoja tu.

Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo nyongo huyatawanya kuwa matone madogo mno, kimeng'enya cha lipasi huyachambua, nayo hupitia mishipa ya limfu kabla ya kufika damuni. Gramu moja hutoa kilokalori 9. Ya wanga au protini hutoa 4.

Protini ndiyo ninayotaka tukae nayo. Huvunjwa kuwa asidi-amino, ambazo mwili huzitumia kujenga, na hazina ghala. Chakula cha nguvu kikikosekana, ini huzigeuza kuwa glukosi ili ubongo usikose chakula, na nitrojeni yake hutoka kwenye mkojo. Mtoto mwenye njaa akipewa samaki kidogo bila bugali wa kutosha, samaki huyo huishia kuwa kuni.

Upande wa pili, yaani wanga upo lakini protini haitoshi, watu wa eneo la Bushi wanaujua kwa jina la bwaki, yaani kwashiakoo, ugonjwa uliochunguzwa miaka mingi huko Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Gramu 100 za muhogo mbichi hazina hata gramu 2 za protini. Mtoto anayeshindia muhogo huweza kuvimba miguu, na ini lake kujaa mafuta hata kama mawese hayaonji. Kwa nini? Ini husafirisha mafuta kwa kuyafunga na protini. Protini ikipungua, mafuta hukwama humo. Kuhusu uvimbe, wataalamu bado wanajadiliana: upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu.

Ini lililochoka hivyo haliwezi kubeba protini nyingi kwa ghafla. Ndiyo maana wauguzi huanza na maziwa ya tiba yaitwayo F-75, yenye protini gramu 0.9 tu katika mililita 100, kidogo kidogo, mchana na usiku. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kushuka, ndipo mtoto huhamishiwa F-100, yenye gramu 2.9.