Mafuta ya Maziwa Hutoka Wapi?

Mkulima, ukilaza maziwa ya Jersey na ya Friesian katika vyombo viwili, asubuhi utaona krimu ya Jersey ni nene zaidi. Katika kila sehemu 100 za maziwa, Jersey hutoa karibu sehemu 5 za mafuta, na Friesian chini ya 4. Wengi husema, "Ni majani tu." Lakini hata wakila majani mamoja tofauti hubaki.

Ndani ya kiwele mna vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo vimeng'enya. Hivi ni kama mafundi, kila mmoja na kazi yake. Mmoja huitwa DGAT1. Fikiri kigoda cha kukamulia chenye miguu mitatu: chembe ya mafuta imeundwa vivyo hivyo. Mafundi wengine hutia miguu miwili. DGAT1 huupokea mguu wa tatu kutoka kwa mchukuzi wake na kuutia mahali pake. Hapo mafuta yamekamilika.

Mwaka 2002 wataalamu wa Ulaya na New Zealand walieleza kwamba ng'ombe wana fundi huyu wa aina mbili. Aina ya K huongeza mafuta, lakini maziwa hupungua kidogo. Aina ya A huongeza maziwa, na mafuta hupungua. K imeenea sana kwa Jersey, na pia kwa zebu wetu. Ndama hurithi kwa baba na kwa mama.

Basi, kabla ya kuchagua mbegu ya dume, jiulize maziwa yako yatauzwaje. Ukilipwa kwa uzito tu, wingi wa maziwa ndio fedha yako. Ukilipwa kwa mafuta, au ukitengeneza samli na siagi, Jersey atakufaa.

Lakini fundi bila vifaa hajengi. Kumbuka haya:

1. Mpe ng'ombe majani ya kutosha, kama matete na nyasi kavu. Unga mwingi na majani machache hupunguza mafuta.

2. Kamua mpaka mwisho. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi kuliko yote. Ukiyaacha kiweleni, umeacha krimu yako.

3. Usitie maji. Maji hayaongezi mafuta, na kipimo cha kiwandani kitakufichua.

Uzao huchaguliwa mara moja, lakini malisho na ukamuaji ni kazi ya kila siku.